Mguu Mtupu Kwenye Breki

Sogea karibu, na kabla sijafungua mdomo weka mkono kifuani uape. Apa kwamba haya yataingia masikioni mwako na kulala humohumo. Hutamwambia mumeo, hutamwambia mkweo, na yule shoga yako wa saluni mwenye masikio kama ungo ndiye hasa hutamwambia. Umeapa? Vizuri. Na mimi niliapa hivyohivyo, tena kwa jina la marehemu mama yangu, mbele ya dada wa mapokezi wa ule ukumbi, yule tuliyempa jina la Redio. Redio naye alikuwa ameapa mbele ya mwenye ukumbi, na mwenye ukumbi aliapa mbele ya askari. Sasa unaona jinsi viapo vyetu vilivyo na miguu. Sikiliza basi, na usinikatize.

Ilianza na harufu.

Saa tatu asubuhi Fundi Nukta alifungua mlango wa chuma wa ukumbi, akashuka ngazi, akawasha taa moja baada ya nyingine kama kila siku. Alipofika kwenye mashine namba nne, pua yake ikasimama kabla ya miguu. Dawa ya kuchua. Ile ya kwenye kichupa, inayochoma macho, ambayo watu hujipaka viungo vikiuma. Mle ukumbini alikuwa akijipaka mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na wiki ya sita kaburini.

"Redio!" aliita. "Nani kaingia humu jana baada ya kufunga?"

"Nani aingie na funguo unalala nazo wewe?"

"Husikii harufu?"

Redio alinyanyua pua juu ya meza yake ya mapokezi, akavuta hewa mara mbili. "Nasikia soksi zako."

Nukta alicheka, maana ilibidi acheke. Halafu akaona kiti. Kiti cha namba nne kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho wa reli, karibu kugusa usukani, kama anavyokaa mtu mwenye miguu mifupi. Jana yake alikiacha nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Akakisukuma kirudi, na reli ikatoa sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi katikati ya meno.

Ukumbi wenyewe uko chini ya duka la vigae, hauna dirisha hata moja, kwa hiyo humo ndani mchana na usiku ni ndugu. Una mashine sita za kuigiza mbio za magari. Kila mashine ni fremu ya chuma, juu yake kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, mbele usukani wenye mota inayoshindana na mikono yako, chini pedali tatu za chuma kitupu, na skrini pana inayokuzunguka kama ukuta. Unakaa, unakimbia kwenye barabara isiyokuwepo popote duniani, lakini jasho linalokutoka ni la kweli.

Mwenye ukumbi walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha udereva miaka ishirini na sita, na hata leo akikaa kwenye kiti cha kawaida mguu wake wa kulia hutafuta breki. Yeye ndiye aliyefunga kamera ndogo chini ya kila mashine, ikitazama pedali, picha yake ikitokea kwenye skrini kubwa ya ukutani. Haihifadhi kitu, inaonyesha tu. "Udereva uko miguuni," alikuwa akisema. "Mikono ni mapambo. Nataka nione nani anakanyaga breki kama anaua mende."

Na kuna jambo moja lazima ulielewe, ndipo mengine yaingie akilini. Mashine hizi zinakumbuka. Mtu akikimbia mzunguko bora kuliko wote, mashine inauhifadhi, na kila atakayekaa baada yake huwekewa gari la kijivu, jepesi kama moshi, halina mtu ndani, linakimbia mbele yake vilevile lilivyokimbia siku ile. Wenyewe wanaliita kivuli. Ukitaka kupunguza muda wako, unakifukuza kivuli. Unaangalia kinapofunga breki, na wewe unafunga hapohapo. Kinapoingia kona, unaingia. Kivuli hakibadiliki, kwa sababu ni kitu kilichokwisha kutokea.

Kivuli cha namba nne kilikuwa cha Peku.

Peku alikuwa binti wa mshonaji wa ng'ambo ya barabara, mfupi, mcheshi, mwenye kifundo cha mguu wa kushoto kilichowahi kuteguka na hakikupona sawasawa. Jina alilipata kwa sababu hakupanda mashine na viatu. Alivivua, akaviweka pamoja pembeni ya fremu, visigino vikitazama ukuta, kama mtu anayeingia chumbani kwa watu. Kisha anachua kifundo chake, anafunga bendeji, anapanda, na breki anaikanyaga kwa mguu huohuo wa kushoto. "Breki ina maneno," aliwaambia. "Ukivaa viatu huyasikii." Muda wake ulikuwa dakika moja, sekunde arobaini na moja, nukta tatu.

Wa Fundi Nukta ulikuwa arobaini na moja, nukta saba. Miaka miwili, nukta saba! Ndiyo maana jina likamganda. Alikuwa na daftari lenye kila kona, wapi aachie mafuta, wapi amalizie breki, upepo wa kiyoyozi umpige upande gani. Mashine zote sita alizifunga kwa mikono yake, anazijua kama mama anavyojua upele wa mwanawe, na bado binti mmoja asiyejua hata spana namba kumi inafungua nini akawa anampita kwa nukta nne za sekunde.

Halafu ikaja ile barua. Timu moja ya magari ya mashindano, magari ya kweli yenye matairi ya kweli, iliandika kwamba atakayekuwa na muda bora kwenye namba nne mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi atachukuliwa afundishwe mwaka mzima. Umri usizidi miaka thelathini na mitano. Nukta alikuwa na thelathini na minne na miezi minane. Akikosa hii, atakaza nati za viti vya wenzake mpaka meno yamdondoke.

Wiki moja baada ya barua, Peku alifia kwenye kiti cha namba nne, mchana, katikati ya mzunguko, pale anapofunga breki ya kona wanayoiita Kiwiko. Moyo, alisema daktari. Timu ikasogeza tarehe miezi miwili mbele, kwa heshima ya marehemu. Nukta alilia msibani mpaka akashikwa mabega.

Basi asubuhi ile ya harufu, Nukta aliingia kazini kama kawaida. Aliisugua namba nne kwa sabuni, akapanda kufukuza kivuli. Mara ya kwanza hakuona kitu. Mara ya tatu akaona kivuli kimefunga breki ya Kiwiko mbali kuliko zamani, mita kumi hivi, na bado kikapita. Akakodoa macho. Alikuwa amekifukuza kivuli kile mara elfu, na kila mara kilifunga breki sambamba na bango jekundu. Sasa bango lilikuwa nyuma yake.

Akajaribu na yeye. Akafunga breki baada ya bango, gari likayumba, likashika, likatoka. Arobaini na moja, nukta tano.

"Mwalimu!" alipiga kelele. "Nukta tano!"

"Leo umekula nini?" Mwalimu alikuja akitikisa tumbo. "Mguu wako umetulia, mwanangu. Unaiachia breki polepole, kama unamlaza mtoto. Nani kakufundisha?"

Nukta akarudi kitini, akakifukuza tena kivuli.

Siku zilizofuata kivuli kilimfundisha. Ndiyo, kilimfundisha, usinikodolee macho. Akichelewa, kinapunguza mwendo kumsubiri. Akikosea kona, kinaipita taratibu mzunguko unaofuata ili aone. Nukta tano ikawa nukta nne, na kila asubuhi kiti kilikuwa mbele, na kila asubuhi harufu ilikuwa imesogea hatua moja zaidi, kutoka kwenye pedali kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda kwenye kola ya shati lake. Mkewe nyumbani akamwuliza anajichua wapi na kwa ajili ya nani.

Na siku moja, saa nane mchana, ukumbi umejaa vijana wanaopiga kelele, Nukta akiwa nyuma ya kivuli kwenye sehemu iliyonyooka, aliona kwamba ndani ya gari lile la moshi, ambalo halijawahi kuwa na mtu kwa sababu halikutengenezwa liwe na mtu, kulikuwa na kichwa, kichwa kidogo kilichokaa chini karibu na usukani kama cha mtu mfupi, na kichwa kile kikaanza kugeuka, polepole, huku gari likiendelea kwenda mbele kwa kasi ileile, kikigeuka kupita pale shingo ya binadamu inapoishia, na Nukta akataka kufumba macho ila kona ya Kiwiko ilikuwa inakuja, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na chini ya soli ya kiatu chake, badala ya chuma, akasikia vidole.

Vidole vitano, vya moto, vikijikunja.

Aliruka kutoka kwenye kiti akaanguka sakafuni. Vijana wakaangua kicheko. Redio akaja na chupa ya maji, akasema anywe, na kama ni presha aseme mapema ili wasije wakachangishana tena.

Wiki hiyohiyo mshonaji akashuka ngazi za ukumbi.

Alikuwa mwanamke mkavu, mkimya, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni hata siku ya mapumziko. Miaka arobaini alikuwa akikanyaga cherehani ya miguu. Alisimama mbele ya Mwalimu akasema, "Mwalimu, naomba nikae alipokaa mwanangu."

"Kaa, mama. Kaa hata siku nzima."

"Na niwashiwe. Nataka kumwona akipita."

Nani angemnyima? Nukta mwenyewe ndiye aliyemwashia. Mama Peku akavua viatu vyake, akaviweka pamoja pembeni ya fremu, visigino vikitazama ukuta.

"Mama, vaa viatu," Nukta alisema haraka. "Vaa, usije ukapigwa na…"

Mama Peku alimwinulia macho. "Nipigwe na nini, mwanangu?"

"Na baridi. Chuma kina baridi."

"Kina moto," alisema mama, akiwa ameweka wayo wake juu ya breki. "Njoo uguse."

Siku ya kwanza aliliingiza gari kwenye nyasi mara kumi na moja, watu wakacheka kwa adabu. Siku ya tatu alimaliza mzunguko. Siku ya saba Mwalimu alivuta kiti akakaa kutazama skrini ya ukutani, na hakuondoka, ingawa mguu wa mama yule haukuonekana pale. Kamera ya namba nne ilikuwa imekufa tangu siku aliyokufa Peku. Nukta aliing'oa waya akaibandika utepe mweusi, akasema imeungua. Kwa hiyo Mwalimu alipiga magoti sakafuni kabisa, mtu mzima na tumbo lake, akachungulia.

"Redio, njoo uone," alinong'ona. "Huyu mama anakanyaga breki kama anashona pindo. Hakurupuki wala hachelewi. Miaka ishirini na sita sijaona mguu kama huu, isipokuwa kwa mtoto wake."

Wiki ya tatu Mama Peku alikimbia arobaini na mbili kamili. Na barua ya timu, ukiisoma vizuri, ilitaja umri wa atakayefundishwa tu. Haikumkataza mtu yeyote kuwa na muda bora. Mama yule akimpita Nukta, kiti cha Nukta kimekwenda na maji, hata kama yeye mwenyewe hatakikalia.

Jioni moja mama alibaki nyuma akifunga viatu vyake, Nukta akifunika mashine.

"Mguu wangu unashikwa," alisema mama bila kumtazama. "Nikifika Kiwiko unashikwa, unakandamizwa, unaachiwa. Wala siogopi. Fundi, wewe unaogopa?"

"Niogope nini, mama?"

"Mimi ndiye niliyemwosha mwanangu. Moyo, walisema. Sawa. Ila kwenye wayo wa kushoto kulikuwa na vidoti vitatu vyeusi, vimepangana hivi." Akachora pembetatu hewani kwa kidole. "Nikajiuliza nimeviona wapi. Nikaja hapa, nikavikuta." Akaonyesha breki ya namba nne, na vichwa vya skrubu zake tatu. "Lala salama, mwanangu."

Kesho yake Nukta alikwenda kwa mganga.

Mganga alikuwa na chumba juu ya duka la rangi, kisafi, na kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Nukta alimweleza harufu, kiti, kichwa. Vidole alivitaja mwisho, kwa sauti ya chini sana. Mganga akafumba macho, akasoma mpaka jasho likaanza kumtiririka puani. Alipofumbua macho alisogea nyuma kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wake amekuja na mbwa.

"Nimemwambia atoke," alisema. "Ameniuliza, atoke nani."

"Ni yeye? Ni Peku?"

"Yule binti amelala, hana habari na wewe. Huyu ni jini. Viumbe wa moto hukaa penye moto, na wewe umemjengea nyumba ya waya. Yumo tangu siku mlipowasha ile mashine. Watu wote mliingia nyumbani kwake na viatu, mkakanyaga, mkatukana, mkatema mate. Mmoja tu alivua mlangoni. Mmoja tu, miaka miwili, kila siku. Sasa mgeni wake aliyemheshimu kauawa humo ndani, mikononi mwake, kwa moto wake mwenyewe. Unafikiri anasikiaje?"

Nukta alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mtoe, mzee. Nitakupa chochote."

"Sina cha kumtoa nacho. Ana haki kuliko wewe. Dawa yako ni moja: useme. Simama mbele za watu, useme kwa mdomo wako, kabla hajakusemea yeye."

Wewe umeshajua aseme nini, lakini ngoja nikupe chote. Namba nne ilikuwa ikivuja umeme. Mota ya usukani ilikuwa na waya uliochubuka, na Nukta alijua tangu mwezi mmoja kabla. Umeme ule haukumdhuru mtu kwa sababu fremu ilikuwa na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, unaoubeba na kuupeleka chini. Siku ile, kabla Peku hajapanda, Nukta aliingia chini ya fremu na spana namba kumi, akang'oa waya wa kamera, akalegeza nati moja, akauvuta waya ule nje. Watu wote wana viatu, ni yeye tu asiye navyo. Ashtuke tu, alijiambia. Ashtuke kidogo, aharibu mzunguko, achukie mashine, arudi kwao. Na watu walipokuwa wakimbeba Peku ngazini, yeye alibaki chini akikaza nati.

Eti ashtuke tu.

Je, alisema? Alifika ukumbini siku hiyo amejiandaa kusema. Kweli kabisa, Redio anakiri kwamba alimwona amesimama katikati ya ukumbi anafungua mdomo. Halafu Mwalimu akamwita ajaribu mzunguko mmoja, akapanda, na kivuli kikampitisha vizuri kila kona mpaka akapata nukta tatu, sawasawa na Peku. Mdomo ukafungika wenyewe.

Jumamosi ya mwisho, saa tisa mchana, ukumbi ulikuwa umefurika. Bwana na bibi wa ile timu walikaa mbele. Vijana walisimama juu ya viti. Nukta alikimbia wa tatu kutoka mwisho, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia vile. Kivuli kilimfungulia njia kama mlinzi wa arusi. Kwenye Kiwiko kikamwachia nafasi ya ndani, naye akaipita, akakipita kivuli chenyewe, na ubao ukaandika arobaini na moja, nukta mbili.

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu alimbeba juu juu. "Nukta mbili! Nukta mbili, mwanangu!" Nukta alilia kwa furaha, na katikati ya machozi akahisi ile harufu imekoma kabisa, hewa safi, kana kwamba mtu amehama. Akajiambia, basi. Kimekwisha. Nimekishinda.

Aliyefuata akapata arobaini na tatu. Akabaki mmoja. Mama Peku aliinuka kwenye benchi, akavua futi shingoni, akamkabidhi Redio.

"Huyu mama alipata ngapi leo asubuhi kwenye mazoezi?" aliuliza bibi wa timu.

"Nukta moja, ila kwenye mashine namba mbili," alijibu Mwalimu, akiona haya kwa ajili ya fundi wake. "Arobaini na moja, nukta moja."

Nukta alisikia. Redio anasema uso wake ulibadilika rangi kama chai inayomwagiwa maji.

"Ngoja," alisema. "Kiti kimelegea. Nakikagua kwanza, asije akaumia mama wa watu." Na hiyo ilikuwa kazi yake, hakuna aliyeshangaa, fundi hukagua mashine kabla ya kila mbio. Akachukua spana namba kumi. Akaingia chini ya fremu kifudifudi, miguu yake tu ikabaki nje.

Kule chini kulikuwa na giza na vumbi la joto. Ashtuke tu, alijiambia, ni mtu mzima, atashtuka kidogo ataacha, na mkono wake ukaijua nati ile bila kuitafuta, ukaizungusha nusu, ukaizungusha tena, na nje alisikia Mama Peku akivua viatu, kimoja, halafu kingine, akisikia jinsi vilivyogusa sakafu taratibu vikipangwa pamoja, na hapo harufu ikarudi, si kwa mbali, si kidogo kidogo, bali yote kwa mara moja, ikamjaa puani na kooni na machoni mpaka akatokwa na machozi, na kupitia machozi yale akaona taa nyekundu ndogo imewaka mbele ya uso wake, taa ya kamera, ile aliyoibandika utepe, ambayo utepe wake ulikuwa unajibandua polepole kutoka kona moja kama ngozi inayobabuka, kamera ambayo haikuwa na waya, waya wake alikuwa ameuchoma moto mwenyewe, akajisemea haiwezekani, akavuta waya wa kijani na njano ukatoka, akataka kurudi nyuma upesi, na mkono haukutoka.

Kelele za ukumbi zilikuwa zimezimika. Hata kiyoyozi kilinyamaza.

"Fundi," ilikuja sauti ya Mwalimu, ndogo, imekauka. "Unafanya nini huko chini?"

"Nakaza nati, Mwalimu! Nakaza nati tu!"

Nukta aligeuza shingo kwa shida, akachungulia kati ya reli mbili za kiti, akaiona skrini kubwa ya ukutani. Na watu wote, Mwalimu, Redio, bwana na bibi wa timu, vijana juu ya viti, walikuwa wameielekea hiyohiyo. Juu yake, kubwa kama mlango, ulikuwa mkono wa mtu umeshika spana, nati imelegea, na waya wa kijani na njano umebanwa katikati ya vidole viwili, umechomolewa, shaba yake ikimeremeta. Juu ya kifundo cha mkono ule, ukiugandamiza kwenye chuma, ulikuwa mguu wa kushoto wa mtu, mtupu, mfupi, umefungwa bendeji.

Mama Peku alikuwa bado amesimama sakafuni. Miguu yake yote miwili ilionekana.

Ubao wa muda ulianza kuhesabu wenyewe, bila gari barabarani. Nukta alipiga kelele, akavuta, akaomba, akamtaja Mungu, akamtaja mama yake, na hatimaye akamtaja Peku, akasema yote, ya waya, ya mota, ya siku ile, akayasema mbele za watu kwa sauti ya kuchanika, huku mguu ule kwenye skrini ukizidi kukandamiza taratibu kama unaosikiliza breki. Sekunde zikapanda mpaka dakika moja, zikapita thelathini, zikafika arobaini na moja, nukta tatu. Hapo zikasimama.

Mama Peku aliinama mpaka uso wake ukakaribia wa fundi.

"Kaza basi, mwanangu," alisema. "Si ulisema unakaza?"